Muulizeni Alikotoka, Kisha Muulizeni Anakokwenda

Brooklyn Park, Minnesota
Julai 2025

Ndugu zangu wa Mbulu na Hanang,

Najua Julai huko nyumbani ni baridi, ukungu wa Kainam hauondoki mpaka saa nne, na wazee wamejifunga mashuka mabegani. Huku ni msimu wa joto. Jua linazama karibu saa tatu usiku, na watoto wanacheza nje hadi mama zao wachoke kuwaita.

Wiki iliyopita Baba Mdogo alinipigia simu kutoka Dongobesh. Baada ya kuniulizia watoto na kazi, aliniambia kwamba watia nia wa ubunge wamekwisha kuchukua fomu na kurudisha, kwamba kila anayekwenda mnadani anarudi na jina jipya, na kwamba wengine hajawahi kuwaona wala kusikia wamefanya nini. Kisha akaniuliza: "Huko uliko, mbunge anapatikanaje? Mnamjuaje kabla hamjamchagua?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa naingia zamu. Barua hii ndiyo jibu lake kamili, na nimeona niwaandikie wote, kwa sababu baba yangu ni wa Mbulu na mama yangu ni wa Hanang, Endasak, na swali la Baba Mdogo ni la pande zote mbili.

Kwanza nieleze ninapoishi. Brooklyn Park ni mji ulio kaskazini mwa Minneapolis. Hapa wapo Waliberia wengi, Wahmong waliotoka Laos, Wasomali, Wakenya, na sisi Watanzania wachache. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za kutunzia wazee na hospitali. Mimi ni mmoja wao. Naamka saa kumi alfajiri, nawaogesha wazee, nawalisha, nawageuza wasipate vidonda vya mgongo. Kodi ya nyumba ya vyumba viwili inakula karibu nusu ya ninachopata. Nikiugua siku tatu, hesabu ya mwezi inavurugika. Nataja haya si kwa kulalamika. Nayataja kwa sababu ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi ya mgombea iliyoletwa mlangoni kwangu mwaka jana.

Ilikuwa jioni, kiangazi cha 2024, nikiwa nimetoka zamu na miguu imevimba. Mtu akagonga. Nilipofungua nilimkuta binti mmoja mwenye fulana yenye jina la mgombea, mkononi ana simu yenye orodha ya nyumba za mtaa wetu, na chupa ya maji iliyokwisha. Alijitambulisha kwamba anajitolea kwenye kampeni ya Huldah Momanyi Hiltsley. Hakuwa na kofia ya kugawa, hakuwa na kanga wala sukari. Alikuwa na karatasi moja na swali moja: "Ni jambo gani linalokusumbua zaidi katika maisha yako hapa?" Nilimwambia ukweli kwamba mimi si raia, nina kadi ya ukaazi tu, sina kura. Nilidhani ataaga. Hakuaga. Alisema mbunge ni wa wote wanaoishi hapa, akarudia swali lake. Nikamtajia kodi ya nyumba na bei ya dawa. Akaandika, akashukuru, akaenda kugonga mlango wa jirani.

Nilikaa nikaisoma karatasi ile. Ndugu zangu, jina Momanyi ni la Wakisii. Huyu mama alizaliwa Kenya, upande wa Nyamira, akaletwa Marekani akiwa mtoto. Wazazi wake na ndugu zake waliwahi kukabiliwa na hatari ya kurudishwa Kenya kwa nguvu, na yeye, akiwa bado binti, ndiye aliyezunguka kwenye ofisi za wakubwa akiomba familia yake isivunjwe. Sasa alikuwa anaomba kiti cha 38A katika Baraza la Wawakilishi la Minnesota, kiti cha Brooklyn Park na mji mdogo wa Osseo. Aliyekikalia kwa miaka mingi alikuwa anastaafu. Mambo aliyoyatanguliza yalikuwa nyumba ambazo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuzilipia, afya, shule, biashara ndogo na haki za wahamiaji.

Hapa ndipo nilipoanza kuona jibu la swali la Baba Mdogo. Kila mgombea duniani ana orodha ya ahadi, na orodha zinafanana. Nyumba, afya, elimu: nani asiyeweza kuandika maneno hayo? Jambo la kutazama ni kama ahadi ina mzizi katika maisha ya mtu. Mtu ambaye mama yake aliwahi kutishiwa kufukuzwa nchini, akisema atatetea wahamiaji, anazungumza jambo lililomlaza macho. Ahadi yake ina shahidi, na shahidi ni maisha yake mwenyewe.

Nieleze na utaratibu, kwa sababu Baba Mdogo alikuwa mwalimu na hapendi hadithi isiyo na mpangilio. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo ni kama nchi ndogo yenye gavana, bajeti na bunge lake. Bunge la Minnesota lina Seneti ya watu 67 na Baraza la Wawakilishi la watu 134. Kila mwakilishi anabeba watu zaidi kidogo ya 42,000, na anakaa miaka miwili tu kabla ya kurudi kwa wapiga kura. Linganisheni na kwetu: sensa ya 2012 ilihesabu watu 275,990 Hanang, na wote hao walikuwa na mbunge mmoja wa jimbo. Ndiyo maana huku mgombea anaweza kugonga milango. Ndiyo maana pia ukimwona mbunge wako dukani unaweza kumsimamisha ukamuuliza.

Kisha kuna kura za maoni. Huku chama hakikutani kwenye ukumbi kikamchagua mtu kisha kamati ya juu ikakata jina lake. Chama kinaweza kumuunga mkono mmoja wa watia nia, lakini wengine wana haki ya kubaki kwenye karatasi, na wananchi wa kawaida ndio wanaopiga kura ya kumpata mgombea. Mwaka jana kura hizo zilipigwa tarehe 13 Agosti. Huldah alishinda, kisha tarehe 5 Novemba akashinda uchaguzi wenyewe. Akawa mzaliwa wa kwanza wa Kenya kuingia katika Bunge la Minnesota.

Hakuwa wa kwanza kutoka upande wetu wa dunia kupita njia hiyo. Miaka minane kabla yake alipita Ilhan Omar. Wengi mnamjua kama mbunge wa Kongresi kule Washington, lakini alianzia hapa hapa, kwenye bunge la jimbo. Alizaliwa Mogadishu mwaka 1982. Vita vilipoanza familia yake ilikimbilia Kenya, akakaa miaka minne kambi ya Utange, karibu na Mombasa. Aliingia Marekani mwaka 1995, akafika Minneapolis mwaka 1997. Alikuwa bado kijana mdogo alipoanza kumsindikiza babu yake kwenye mikutano ya chama ya mtaa, akimtafsiria, kwa sababu babu alitaka kujua demokrasia inavyofanya kazi na hakujua Kiingereza. Baadaye akafanya kazi ya kuelimisha jamii kuhusu lishe, akaongoza kampeni ya diwani, akawa msaidizi wa diwani huyo. Mwaka 2016 akasimama dhidi ya Phyllis Kahn, mama aliyekuwa bungeni tangu alipochaguliwa mwaka 1972. Mkutano wa chama ulishindwa kumpata wa kumuunga mkono. Suala likarudi kwa wananchi tarehe 9 Agosti 2016, na Ilhan akamshinda mtu aliyekaa miaka zaidi ya 40.

Fikirini babu yule. Mzee mkimbizi, haelewi lugha, angeweza kukaa nyumbani akasema siasa za wageni hazimhusu. Badala yake alimshika mjukuu mkono wakaenda kwenye mkutano wa mtaa. Mjukuu hakujifunza siasa kwenye jukwaa. Alijifunza kwenye kiti cha nyuma, akimnong'oneza babu yake maneno.

Siku ya uchaguzi, tarehe 5 Novemba, nilimpeleka mama mmoja mzee, Mkisii, jirani yangu, kituoni. Macho yake hayaoni vizuri na sheria inamruhusu kuwa na mtu wa kumsaidia. Mama huyu alipata uraia uzeeni. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Kituo kilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, sakafu inang'aa, mistari ya mpira wa kikapu iko chini ya miguu yetu. Mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na kijana aliyehamia mtaani mwezi uliopita na hakuwa na karatasi ya kuonyesha anaishi hapo. Nikasema moyoni, huyu atarudishwa. Hakurudishwa. Jirani yake, mpiga kura wa kata ile ile, alisogea mezani, akaapa na kutia saini kwamba anamjua na kwamba kweli anaishi pale. Kijana akaandikishwa papo hapo, akapewa karatasi ya kura. Sheria ya Minnesota inaruhusu jirani kumdhamini jirani namna hiyo. Nilimkumbuka balozi wetu wa nyumba kumi enzi za utotoni, aliyejua nani kaingia mtaani na nani katoka. Neno la jirani lilikuwa na uzito wa hati.

Mama yangu wa Kikisii alishika kalamu. Mkono ulitetemeka. Alitia wino kwenye kiduara, polepole, kama mtu anayepaka mafuta kidonda cha mtoto. Alipoingiza karatasi kwenye mashine alibandikwa stika nyekundu kifuani, na hakuivua mpaka jioni. Mimi nilisimama pembeni yake. Nina miaka mingi huku, nalipa kodi huku, na sipigi kura huku. Nyumbani nako sipigi, kwa sababu Mtanzania aliye nje hana kituo, na sheria yetu hainiruhusu kuwa raia wa nchi mbili. Ndugu zangu, mtu asiyepiga kura popote anajua thamani ya kura kuliko yeyote. Nawaandikia kutoka mahali hapo.

Sitaki mdhani huku ni peponi. Uchaguzi ule uliacha Baraza la Wawakilishi viti 67 kwa 67, na wiki za kwanza za mwaka huu zilipotea kwa mvutano. Mwezi Juni ilibidi bajeti ipite. Chama kimoja kilikataa kuipitisha mpaka watu wazima wasio na vibali vya kuishi nchini waondolewe kwenye bima ya afya ya jimbo, bima waliyoanza kuipata Januari. Melissa Hortman, kiongozi wa chama cha Huldah katika baraza hilo, aliyekuwa Spika kwa miaka sita, alipiga kura ya ndiyo peke yake kati ya wawakilishi wa chama chake barazani, kwa sababu alikuwa ametoa neno lake katika makubaliano na kwa sababu serikali ingefungwa. Alizungumza na waandishi wa habari akilia. Watu wa hapa mtaani walimkasirikia. Mimi pia niliumia, kwa sababu nawajua watu ambao kura hiyo iliwaondolea bima.

Siku tano baada ya kura hiyo, Jumamosi tarehe 14 Juni, simu yangu ililia kwa tahadhari kabla sijaamka. Tuliambiwa tusitoke ndani na tusimfungulie mtu anayejiita polisi. Mtu aliyevaa kama polisi alikuwa amegonga mlango wa Melissa Hortman, hapa hapa Brooklyn Park, akamuua yeye na mumewe Mark. Kabla ya hapo alikuwa amempiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe katika mji wa Champlin, nao wakanusurika. Niliwakusanya watoto chumbani kwangu, nikafunga mapazia. Mlango ule ule ambao mwaka jana ulibishwa na binti wa kampeni, siku ile tuliuogopa.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya kazi ya mwakilishi. Ni kazi ya mtu anayejulikana nyumba yake. Ukitaka mbunge anayefikika, lazima jamii nzima imlinde na ikubali kwamba kutofautiana naye si kumchukia. Demokrasia ya mlango kwa mlango inasimama juu ya imani hiyo, na ikivunjika, milango inafungwa, na wanaobaki ni wagombea wa kwenye mabango tu.

Sasa turudi nyumbani, maana Baba Mdogo aliponiuliza "huko mbunge anapatikanaje", nilitaka kumwambia kwamba swali hilo Mbulu ililijibu zamani, kabla sisi hatujazaliwa.

Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi uliotupeleka kwenye serikali ya madaraka. Viti vilikuwa 71. TANU ilichukua 70. Katika majimbo mengi hakuna aliyethubutu kusimama dhidi yake. Kiti kimoja tu nchi nzima kilikwenda kwa mgombea huru, nacho kilikuwa kiti cha Mbulu, Mbulu ile ya zamani iliyobeba Hanang, Babati na Karatu. TANU ilimteua Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Herman Elias Sarwatt, naye mwana TANU, akasimama kama mgombea huru. Watu wa Mbulu wakampa Sarwatt. Alipofika bungeni alikaa pamoja na TANU, kwa kuwa hakuwa mpinzani wa uhuru wala wa Mwalimu Nyerere. Wananchi walisema jambo moja tu: chama ni chetu, lakini mtu wa kututumikia tutamchagua sisi.

Babu yangu alipiga kura siku ile. Wakati huo hawakupiga wote. Ilibidi uwe umetimiza miaka 21, na uwe unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato kilichotajwa, au cheo. Babu alijua kusoma, kwa shule ya misheni. Alikuwa akitusimulia alivyotembea kwa miguu tangu usiku na kusimama kwenye mstari akiwa na vumbi mpaka magotini. Wapo wanaosema Wairaqw, waliokuwa wengi wilayani, walimchagua Mwiraqw mwenzao na hakuna zaidi. Sitakataa kwamba asili ilihesabiwa. Lakini asili peke yake haimtoi mtu mwaminifu kwa chama chake akakikatalia chama hicho mbele ya nchi nzima, mwaka ambao kila upepo ulikuwa unavuma upande wa TANU. Ule ulikuwa ujasiri.

Na haikuwa mara moja. Mwaka 1995, katika ardhi hiyo hiyo ya Mbulu ya zamani, Dk. Wilbrod Slaa alishinda kura za maoni za CCM Karatu, jina lake likakatwa juu. Akahamia CHADEMA, wananchi wakamfuata, akawa mbunge wao mpaka 2010. Miaka 35 baada ya Sarwatt, watu wale wale walirudia neno lile lile.

Tofauti ni kwamba Slaa ilibidi atafute chama kingine. Sarwatt hakuhitaji. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, sheria yetu haimruhusu mtu kugombea bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania haki hiyo kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa mwaka 1994 na tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikaiondoa mwaka 2010. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha, safari ya saa chache tu kutoka Mbulu, ikasema tarehe 14 Juni 2013 kwamba Tanzania imevunja haki ya wananchi wake kwa kuwazuia wagombea huru. Mpaka leo ninapoandika, mgombea huru bado haruhusiwi. Haki waliyokuwa nayo babu zetu chini ya gavana wa Kiingereza, wajukuu hawana chini ya bendera yao wenyewe. Hilo linanichoma moyo.

Mwaka huu mambo ni mazito zaidi. Tume ya uchaguzi ilitangaza mwezi Aprili kwamba CHADEMA, ambacho hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, hakitashiriki. Kwa hiyo kwenye uchaguzi wa Oktoba karatasi ya kura itakuwa na nafasi ndogo kuliko tulivyozoea. Uchaguzi ukibanwa, maswali ya mwananchi ndiyo yanayobaki mapana. Hata pale ambapo wajumbe ndio wanaopiga kura za maoni, mjumbe ni jirani yenu. Anakunywa maji ya kisima kimoja na ninyi. Mwambieni mnachotaka aulize.

Mimi ningeuliza hivi.

Ukiwa Mbulu, muulize mtia nia kuhusu barabara ya Karatu, Mbulu na Haydom. Msimuulize kama ataijenga, kwa maana wote watasema ndiyo. Muulizeni ameshafanya nini juu yake kabla ya kutaka ubunge. Mei 2022 Flatei Massay, wakati huo mbunge wa Mbulu Vijijini, alipiga sarakasi ndani ya ukumbi wa Bunge kwa uchungu wa barabara hii. Nchi nzima iliona. Waliocheka hawajawahi kumpandisha mjamzito kwenye gari kuelekea Hospitali ya Haydom wakati wa masika. Mama yangu mkubwa aliwahi kufanya safari hiyo juu ya godoro nyuma ya pikapu, akishikwa na shemeji zake kila gari lilipotumbukia shimoni. Kwa hiyo nayaelewa maumivu yaliyomfikisha mtu pale. Anayefuata aje na hesabu: kilomita ngapi zimekwisha, ngapi zimebaki, fedha iko kwenye fungu gani, na atamfuata nani kila mwezi.

Ukiwa Mbulu uliza pia vitunguu saumu. Mkulima wa Bashay anainama shambani miezi, kisha mnunuzi anakuja na bei yake mfukoni. Mtia nia aeleze mkulima atauzaje kwa pamoja na atahifadhi wapi mpaka bei ipande. Asiyewahi kuchimba wala kuuza saumu aseme amejifunza kwa nani.

Ukiwa Hanang, muulize kuhusu tarehe 3 Desemba 2023. Mlima wetu, wenye mita 3,417, mlima tunaoutazama kila asubuhi kama mzee wa ukoo, uliporomosha tope na mawe juu ya Katesh na vijiji vya jirani. Tulizika watu zaidi ya 80. Nilikuwa zamu nilipoona picha za kwanza, nikaitambua njia ambayo mama yangu alikuwa akinipitisha kwenda sokoni, imegeuka mto wa tope. Muulizeni mtia nia alikuwa wapi wiki ile, na alibeba nini. Kisha muulizeni atafanya nini ili wanaoishi chini ya mlima wapate onyo mapema, na miti ya juu isikatwe.

Muulizeni na habari ya Basotu. Mashamba makubwa ya ngano yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada yalichukua malisho bora ya Wabarbaig, na makaburi ya wazee wao yakalimwa. Walikwenda mahakamani, wamezeeka wakidai. Mgombea wa Hanang asiyeweza kukaa na mfugaji Mbarbaig na mkulima Mwiraqw kwenye mkeka mmoja na kuzungumzia ardhi bila kumdharau yeyote, huyo bado hajawa tayari.

Wala msiridhike na kusikia tu kwamba ni mtoto wa nyumbani. Tunajivunia watoto wetu. Hanang ilimtoa Frederick Sumaye, mbunge wake kuanzia 1985, akawa Waziri Mkuu kwa miaka 10, tangu 1995 hadi 2005. Lakini ukoo wa mtu unakuonyesha alikotoka tu. Anakokwenda kunaonyeshwa na kazi aliyoifanya wakati hakuna kamera. Uliza majirani zake. Uliza walimu wa shule alikosoma. Uliza waliofanya kazi chini yake kama aliwalipa.

Na kwa anayekuja na pilau na bahasha, kumbukeni Mahakama Kuu iliifuta sheria iliyoruhusu takrima kama hiyo mwaka 2006 kwa sababu inamnyima maskini nafasi sawa ya kugombea. Bahasha mnayopokea leo mtailipa kwa miaka mitano.

Baba Mdogo, jibu langu ndilo hilo. Huku tunamjua mgombea kwa kumuuliza maisha yake yamemfundisha nini, kisha kumtazama kama ahadi zake zinafanana na maisha hayo. Siyo siri ya Wazungu. Babu aliifanya mwaka 1960, akiwa na vumbi mpaka magotini. Mwakani, Novemba 2026, Huldah atarudi kwa wapiga kura wake kama anataka kiti tena, na binti mwenye orodha ya nyumba atagonga tena mlango wangu. Nitamfungulia, na nitakuwa na swali.

Ninyi mna kura, mimi sina. Nawaomba msiitoe kwa mtu msiyemuuliza.

Nawapenda, nawaombea mavuno mema na amani.

Binti yenu wa Dongobesh na Endasak